Kifuko cha Kushoto

Dirisha la chumba cha mama halifunguki kwa nje
kama madirisha mengine ya Wete.
Lina vioo viwili: cha chini hupanda, cha juu hushuka,
hupishana kama mtu na mkwewe kwenye ukumbi mwembamba.
Nyumba ilikuwa ya serikali, baba karani wa korti.
Aliyeijenga alitaka dirisha la kwao, akaliagizia meli.
Mvua zetu hakuziuliza.

Mwaka huu, ukikiachia kioo cha chini, kinashuka
pa! kama panga la buchani.
Nimekitegea mwiko wa pilau tangu Mfunguo Mosi.
Nassor kapiga simu kutoka Maskati:
"Ng'oa hilo, dada. Weka alumini.
Haliliwi na mchwa, haliombi rangi."
Nikamwambia nitaona.
Nitaona, kwetu, ni hapana iliyovaa buibui.

Fundi Mcha alikuja Jumanne na randa, patasi,
na kipande cha mshumaa mfukoni.
Aligonga fremu kwa kidole, akasikiliza
kama anayechagua nazi.
"Mvule huu. Mzima.
Kizingiti tu ndo kimeoza, hapa maji yanapolala."
Akachoma patasi. Ikazama yote.

Kisha akafungua kijimlango ubavuni mwa fremu,
miaka yote nakifuta vumbi nisijue ni mlango.
Kulia: chuma kirefu, kinene,
kinaning'inia kwa kamba iliyobaki nyuzi tatu.
Kushoto: kamba imekatika. Na chini, gizani,
kipande cha kamba kikiwa bado shingoni,
kimekaa kifuko.

Cha kanga. Kimeshonwa mara mbili kwa mshipi wa kuvulia,
kwa mshono ule wa mama, unaorudi nyuma hatua moja
kila ukisonga mbili.
Ndani, mchanga wa pwani na risasi za nyavu.
Tulikipeleka dukani kwa Bi Zume.
Kifuko huku, chuma kule.
Mkono wa mizani ukasimama, haukutikisika.

Sisi tulikua tukiambiwa ni baba aliyelitengeneza.
Wageni walionyeshwa: alikipandisha kwa kidole kimoja,
akakiacha nusu njia, kikatulia hewani,
nao wakasema mashallah, Bwana Seif, mikono yako ina baraka.
Mama alikuwa akiingia na sinia la kahawa.
Alisema, "Karibuni halua."

Sikulia. Nilitafuta sindano.
Kanga ilikuwa ikipukutika vidoleni,
jina lake limebaki nusu:
…NAJUA, SI…
Zilizofuata, mchwa anazijua.

Fundi alikuwa na kipande cha nondo, tayari kukata.
Nikamwambia ngoja.
Nikakivika kifuko kitambaa kipya juu ya kile cha zamani,
nikapima tena, nikapunguza mchanga kijiko kimoja,
kwa kuwa kitambaa nacho kina uzito wake.

Kamba mpya, kulia na kushoto.
Fundi alitaka grisi ya kapi, mie nilikuwa na mafuta ya nazi;
likaacha kulia.
Mifereji ikasuguliwa mshumaa.
Kizingiti kikapata kiraka cha mvule,
kimelazwa kwa mteremko kidogo, maji yapite zao.
Puti kwenye kona ya kioo.
"Isubiri wiki," kasema, "ndo upake rangi. Usiwe na papara."

Nimetuma picha Maskati: kioo kimesimama nusu njia,
hakuna kilichokishikilia.
Mwiko umerudi jikoni.
Nassor amejibu: "Na cha juu?"

Cha juu kimeganda.
Rangi za miaka sitini zimekikamata,
kijani juu ya samawati juu ya kijani.
Fundi alipitisha kisu pembezoni, akatikisa kichwa.
Atarudi baada ya karafuu.
Huko nako kuna vyuma viwili, au vifuko viwili.
Hatujafungua.